X5 inayomisi silinda ya tatu: hamisha koili na plagi kabla ya kununua injekta

Swali: Nina BMW X5 ya 2011, injini ya petroli ya lita 3.0 yenye turbo, silinda sita. Nimeinunua kwa mtu hapa hapa Mombasa miezi mitano iliyopita, ina kilomita 124,000. Asubuhi nikiiwasha inatetemeka kama dakika mbili kisha inatulia. Nikipanda kutoka Miritini kwenda Mazeras, nikikanyaga mafuta inashtukashtuka na taa ya injini inawaka na kuzimika. Fundi amepima kwa mashine akapata misimbo ya kosa P0300 na P0303, akaniambia nibadilishe injekta zote sita. Kule kutetemeka asubuhi nilikuta nako tangu ninunue, lakini huku kushtuka mlimani kulianza siku mbili baada ya kuosha injini. Nifanyeje? Msomaji, Bamburi.

Jibu: Ndugu yangu wa Bamburi, pesa za injekta usizitoe kwanza. Injekta ni miongoni mwa spea ghali kabisa katika vitu vinavyoweza kuifanya injini hii imisi, yaani silinda ikose kuwaka, na katika maelezo yako hakuna bado kinachozishtaki. Neno zito ni lile ulilolisema mwisho: injini ilioshwa, siku mbili baadaye ikaanza kushtuka. Tutaanzia hapo, lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja boneti ifunguliwe.

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikiwaka na kuzimika mfululizo, kompyuta inakuonya kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye katalaiza, kile kisafisha moshi cha ekzosti, na kuungulia humo. Katika injini hii katalaiza imekaa karibu sana na turbo, mahali penye joto kali hata siku ya kawaida. Sega lake la ndani likiyeyuka linaziba njia ya moshi, gari linakosa pumzi, na bili yake inaumiza kuliko plagi na koili zikiwekwa pamoja. Kwa hiyo taa ikianza kupepesa, legeza mguu papo hapo. Kuzunguka Bamburi na Nyali polepole kwa siku mbili tatu za kutafuta ugonjwa, sawa. Mlima wa Mazeras na safari ya Nairobi, hapana. Mlimani utarudi mara moja tu, kwa kipimo.

Sasa hiyo P0303. Inasema silinda ya tatu inakosa kuwaka, basi. P0300 inaongeza kwamba kukosa huko kumeonekana kwenye silinda zaidi ya moja. Kompyuta haioni cheche wala haioni petroli. Inasoma meno yanayopita mbele ya sensa ya krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kila silinda ikiwaka, shafti inapata msukumo mdogo, na msukumo usipokuja kwa zamu yake silinda hiyo inaandikiwa kosa. Cheche dhaifu, injekta iliyoziba, valvu isiyofunga vizuri: zote zitaandikwa P0303 ile ile. Fundi wako amesoma sawa, ila ameruka kutoka namba ya silinda hadi jina la spea, na katikati hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mwombe aunganishe mashine tena, asifute kitu, akuandikie hali iliyohifadhiwa pamoja na kila msimbo: mizunguko ya injini, mzigo, joto la maji. Kosa lililoandikwa maji yakiwa nyuzi 35 injini ikinguruma palepale, na kosa lililoandikwa yakiwa nyuzi 100 katikati ya mlima, mara nyingi ni magonjwa mawili. Nikisoma maelezo yako naona gari lako linayo yote mawili: moja la asubuhi la siku nyingi, jingine la mlimani lililokuja na maji. Tuanze na la mlimani kwa sababu ndilo linaloua katalaiza, na ndilo rahisi.

Kwa nini mlimani? Ukikanyaga mafuta, turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa zaidi inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka pengo la plagi. Koili iliyochoka au mpira wake uliopasuka utatoa cheche vizuri injini ikiwa haina mzigo, lakini presha ikipanda umeme unatafuta njia nyepesi: badala ya kuruka ndani ya silinda unateleza nje ya kauri ya plagi hadi kwenye chuma. Na plagi za gari hili zimezama kwenye mashimo marefu yaliyosimama wima chini ya mfuniko mweusi wa plastiki. Maji ya presha yakipenya humo hayana pa kutokea. Tena kuosha magari hapa Mombasa mara nyingi ni kwa maji ya kisima yenye chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko ya mvua. Yakikauka yanaacha ukungu mweupe, na huo ukungu ukipata unyevu wa asubuhi ya pwani unaanza kazi tena.

Fanya hivi injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Toa mfuniko mweusi. Silinda ya kwanza ni ile ya mbele upande wa feni, ya sita iko nyuma kabisa chini ya ukingo wa kioo. Kuifikia hiyo ya nyuma inabidi utoe kwanza nyumba ya kichujio cha hewa ya ndani ya gari, na ndiyo maana mafundi wenye haraka hubadilisha plagi tano wakaiacha hiyo ya sita. Hesabu hadi ya tatu. Inua kifungo cha soketi ya waya, uvute taratibu, kisha ivute koili wima kwa mkono huku ukiizungusha kidogo. Haina bolti. Iking'ang'ania usiichokonoe kwa bisibisi, mfuniko wa valvu ulio chini yake ni wa plastiki.

Shika koili hiyo kwenye mwanga wa jua na uitazame polepole. Mpira mzuri ni mkavu na una rangi moja. Ukiona unang'aa na umevimba, umekunywa oili. Tafuta mstari mwembamba kama unywele, mweupe au wa kijivu, unaoshuka kwa urefu wa mpira: hiyo ndiyo njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea. Mstari wa aina hiyo hiyo, mara nyingi mweusi, utaukuta kwenye kauri nyeupe ya plagi. Angalia pia springi ndani ya mpira na pini za soketi. Ukungu wa kijani kwenye pini ni kutu ya shaba, na kwa magari yanayolala karibu na bahari si jambo la ajabu. Dawa ya kusafishia umeme na brashi laini vinatosha, ila pini iliyoliwa inabadilishwa.

Kabla ya kufungua plagi, puliza shimo kwa kompresa. Mchanga uliokaa pembeni ya plagi ukiifungua kwanza unaangukia ndani ya silinda. Plagi za injini hii zinahitaji soketi ya milimita 14 yenye pembe kumi na mbili na ukuta mwembamba. Soketi ya kawaida ama haiingii, ama inavunja kauri.

Hapa ndipo jibu lilipo, na halikugharimu spea yoyote. Koili ya silinda ya 3 ipeleke ya 1, na ya 1 ije ya 3. Plagi ya 3 ipeleke ya 2, na ya 2 ije ya 3. Injekta usiguse. Andika kwenye karatasi umepeleka nini wapi, maana baada ya siku mbili utasahau. Futa misimbo, liache gari lilale, liwashe asubuhi, kisha lipeleke mlimani mara moja na mguu wa wastani hadi kosa litokee. Soma tena mashine. Ikitoka P0301, kosa limefuata koili. Ikitoka P0302, limefuata plagi. P0303 ikibaki palepale, koili na plagi zimeachiwa huru, na sasa unaruhusiwa kuanza kushuku injekta, waya wake au silinda yenyewe. Zikitoka P0301 na P0302 kwa pamoja usichanganyikiwe: umeme uliotoroka mara nyingi huharibu mpira na kauri kwa wakati mmoja, na vyote viwili ni vya kutupa.

Kuna mafundi wanaopendelea kuchomoa koili moja moja injini ikinguruma ili wasikie ipi haileti tofauti. Usikubali. Kila koili iliyochomolewa inaweza kupeleka petroli mbichi kwenye ile katalaiza tunayoilinda, na umeme wa koili unaweza kumrusha mtu.

Kosa likifuata plagi, badilisha zote sita. Kwa kilomita 124,000, kama huna risiti inayoonyesha zilibadilishwa, zihesabu kwamba ni za zamani. Nunua kwa namba ya chasi, si kwa kuangalia urefu. Plagi bandia ziko nyingi kwenye maduka. Ya kweli ina ncha ya katikati nyembamba iliyonyooka katikati ya kauri, maandishi yasiyofutika ukiyasugua kwa kidole chenye petroli, na pengo linalolingana kwa zote sita. Pengo usilifinye wewe mwenyewe, ncha zile hukatika. Anza kufunga kwa mkono ukitumia kipande cha mpira mwembamba kama kishikio, ili uzi ukikataa uhisi mapema, kisha kaza kwa spana ya kipimo hadi Nm 23. Usipake grisi kwenye uzi. Inadanganya kipimo, unajikuta umekaza kupita kiasi kwenye alumini. Kosa likifuata koili, badilisha hiyo iliyokufa, na nyingine yoyote yenye mstari au mpira uliovimba. Sita zote kwa mpigo si lazima, ingawa kama ni za kiwandani zote zina umri mmoja na ya akiba ndani ya buti itakuokoa barabarani.

Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, plagi mpya na koili mpya zitakufa vilevile baada ya miezi. Oili hiyo inapita kwenye gasketi ya mfuniko wa valvu, na katika injini hii huo ni ugonjwa unaojulikana. Kabla ya kununua gasketi peke yake, kagua mfuniko wenyewe. Ni plastiki iliyopikwa na joto kwa zaidi ya miaka kumi, hupasuka nyufa ndogo, na ndani yake kumejengwa valvu ya kupumulia mvuke wa oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma: mvuto mdogo ni sawa. Mvuto ukiwa mkali mpaka kifuniko kinang'ang'ania, au ukisikia filimbi, utando wa ndani umechanika, na mfuniko mzima ndio wa kubadilisha. Gasketi mpya juu ya mfuniko uliopasuka ni pesa ya kutupa baharini. Kazi ikiisha hakikisha nyaya za ardhi za koili zinazofungwa hapo juu zimerudishwa. Zikisahaulika gari litamisi kuliko lilivyoletwa.

Turudi kwenye ule mtetemeko wa asubuhi, ambao nadhani utabaki hata mlima ukipona. Injini hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za zamani petroli ilipita juu ya valvu za kuingizia hewa ikaziosha. Hapa hakuna kinachoziosha, na mvuke wa oili unaopumuliwa unaganda juu yake tabaka kwa tabaka mpaka unakuwa masizi magumu kama lami. Injini ikiwa baridi, hewa inaingia kwa kuhangaika na silinda mbili tatu zinakosa. Ikipata joto inasahau. Hii inaeleza P0300 yako. Magari yaliyotoka Japani na kilomita chache mara nyingi yana masizi mengi kuliko unavyotarajia, kwa sababu kilomita hizo zilikuwa za safari fupi za mjini. Na dawa za kumwaga kwenye tangi hazifiki huko hata kidogo, kwa sababu petroli yenyewe haipiti huko.

Uhakika unapatikana kwa macho. Manifodi ya kuingizia hewa ikitolewa, kamera ndogo ya waya au tochi nzuri itaonyesha shingo za valvu. Zikiwa zimevaa masizi mazito, husafishwa kwa kupuliza chembe za maganda ya jozi kwa kompresa huku fyonza ikivuta uchafu. Kila silinda kwa zamu yake, na kabla ya kupuliza lazima injini izungushwe kwa mkono hadi valvu zote mbili za kuingizia hewa za silinda hiyo zifunge. Fundi akianza kupuliza bila kukagua hilo, msimamishe. Chembe zikiingia ndani ya silinda kazi imekuwa nyingine. Maganda ya jozi ni laini kuliko chuma, ndiyo maana hayakwaruzi. Mchanga usiukubali kwa bei yoyote.

Petroli nayo nitaigusa kidogo. Pampu ya tangi inatoa takriban bar 5 na pampu kubwa inaipandisha hadi bar 200 injini ikibeba mzigo. Pampu ikichoka haichagui silinda ya tatu, inazinyima zote, na namba ya presha inaonekana ikishuka kwenye mashine wakati unakanyaga. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huzigusa silinda zote. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili hiyo hiyo ya kuzuia uchanganyaji, lakini jaza kituo kimoja chenye wateja wengi na utunze risiti.

Injekta mbovu ina alama zake. Inayovuja hujaza silinda usiku: ukiwasha asubuhi moshi unanukia petroli, plagi ya silinda hiyo peke yake ni nyeusi na yenye majimaji, oili kwenye injini inanuka petroli na kiwango chake kinapanda badala ya kushuka. Iliyoziba huacha plagi nyeupe iliyokauka. Hata hapo, injekta moja inahamishwa au kupimwa, hazinunuliwi sita. Bomba lake lisilegezwe injini ikiwa imetoka kuzimwa, kwa bar zile petroli inapenya ngozi. Pete ya tefloni kwenye ncha ni mpya kila inapotolewa na ina zana yake ya kuibana isawazike. Ikipachikwa kwa vidole itavuja presha. Na muuzaji akikupa injekta ya N54, injini ya BMW iliyotangulia yako, ilhali yako ni N55, irudishe, haziingiliani ingawa injini zote mbili ni za lita 3.0.

P0303 ikikataa kuondoka baada ya yote haya, pima silinda. Kipimo cha kompresheni pekee kinaweza kudanganya kwenye injini hii kwa sababu inabadilisha urefu wa kufunguka kwa valvu zake, kwa hiyo linganisha silinda na silinda, usitafute namba ya kitabuni. Iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ina jambo. Kisha sukuma hewa ya kompresa ndani yake, valvu zikiwa zimefunga, na usikilize. Ikisikika kwenye tundu la oili ni pete za pistoni. Kwenye ekzosti ni valvu ya kutolea. Mapovu kwenye maji ya rejeta ni gasketi ya silinda hedi, na kama plagi ya tatu ilitoka safi kupita zote kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, ulikuwa umeshaonyeshwa. Pampu ya maji ya gari hili ni ya umeme na hufa bila kupiga hodi. Kwenye joto la Mombasa na foleni, injini iliyochemka mara moja mikononi mwa mwenyewe wa kwanza inaweza kukuachia urithi huo.

Jambo moja zaidi kwa sababu ya mwaka wa gari lako. Mwaka 2014 BMW iliyaita yarudi gereji baadhi ya magari yake ya silinda sita ya modeli za 2010 hadi 2012, X5 zikiwemo, kwa sababu bolti za VANOS, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, zinaweza kulegea au kukatika. Zikilegea, muda wa valvu unayumba, injini inamisi na kukosa nguvu, na mashine huandika misimbo ya kamishafti pamoja na ya kumisi. Peleka namba ya chasi kwa wakala akuangalizie kama gari lako limo na kama kazi ilifanyika. Mfuniko wa valvu ukitolewa kwa ajili ya gasketi, mwambie fundi azikague bolti hizo siku hiyo hiyo. Ziko wazi mbele ya macho yake.

Likishapona, usifute misimbo ukaondoka. Mwache fundi afungue hesabu ya kumisi kwa kila silinda injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Zote sita zikae sifuri au karibu na sifuri kwa dakika kumi. Oili ikiwa inanuka petroli imwage na kichujio chake, injini inachukua lita 6.5. Kisha panda Mazeras. Silinda zikiwaka zote lakini gari likiwa zito na turbo haipandi, pima presha ya moshi kabla ya katalaiza, maana huenda sega limeshaanza kuziba. Na wakati mwingine wa kuosha, injini ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, mfuniko mweusi ukiwa mahali pake na mpira wa maji ukiwa mbali.